Mwenye Sindano Aonje Kwanza

Nilistaafu mwezi uliopita. Walinipa saa ya ukutani na hotuba ndefu, na ndani ya hotuba hiyo mkuu wangu alitaja vyeo vyangu vyote akasahau jambo moja, kwamba miaka yote hiyo nilikuwa naogopa sindano. Vyeo naviacha huko huko kwenye hotuba. Vijana wa chuo waliokuwa maabara kwetu kwa utafiti wao wa mwaka wa mwisho walinifuata baada ya soda wakaniuliza, "Mama, wewe uliingiaje kwenye utafiti?" Niliwaambia nitaandika, maana jibu lake si la kutolewa watu wakiwa wamesimama na chupa mkononi.

Basi nawaandikia ninyi na wengine mtakaokuja Ngara na Biharamulo na makoti meupe yenye mikunjo ya dukani. Namna ya kuandika pendekezo na kuomba kibali ina walimu wake. Mimi nitawaeleza hofu. Hiyo hakuna aliyenifundisha, na nimeitumia kuliko kifaa chochote.

Mimi ni mtoto wa Nyamiaga, huko Ngara. Nilikuwa mwanafunzi wa shahada, mbali na nyumbani, siku mhadhiri wetu Dakta Mushi alipoingia darasani akauliza nani anajua Kihangaza, lugha ya kwetu. Tulikuwa wawili. Mwenzangu aliinamisha kichwa. Mimi nikanyoosha mkono, na msidhani ni kwa kuipenda sayansi. Nilikuwa nimemkumbuka mama, na gari la chuo lilikuwa linakwenda kwetu. Wengi huingia kwenye utafiti hivyo hivyo, halafu baadaye hutafuta sababu nzuri zaidi ya kuandika kwenye barua za maombi.

Utafiti ulikuwa wa malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Dakta alitaka kujua ni watu wangapi kwenye kaya za karibu na pori wana vimelea kwenye damu bila kujua kuwa wanaumwa. Malale huanza kwa homa tu. Mtu husema ni malaria, anameza vidonge, anaendelea kulima. Vimelea vikishapanda kichwani ndipo anaanza kulala mchana, kukesha usiku, kugombana na watu wake bila sababu. Asiyetibiwa haponi. Haya niliyasoma kitabuni huku nakunywa chai, na chai iliteremka vizuri kabisa.

Kabla ya safari Dakta alinikalisha kwenye darubini mpaka shingo ikakaza. Ilikuwa ile ya zamani, isiyo na taa, yenye kioo kidogo chini cha kunasa mwanga wa jua, kwa hiyo wingu likipita na kazi inasimama. Dakta alikuwa Mchaga mrefu, mpole, asiyepandisha sauti. "Usimtafute mdudu," aliniambia. "Ukimtafuta utamwona hata pale asipokuwepo. Tazama chembe za damu. Zikiwa zimetulia, sogea. Ukiona zinasukumwa na kitu usichokiona, simama hapo hapo." Sijapata kusikia somo la maabara lililo bora kuliko hilo, na nimehudhuria semina nyingi zenye biskuti.

Tulianzia Lusahunga, pale malori ya mpakani Rusumo yanapopumzika. Kila asubuhi tuliingia porini na gari kuhesabu mbung'o, na mbung'o nao wakaingia ndani ya gari kutuhesabu sisi. Mimi nilikuwa na sweta la bluu la sekondari, silivui kwa sababu ya baridi ya asubuhi. Miaka mingi baadaye, nikiwa kazini, nilipelekwa kwenye mafunzo ya kushona mitego ya mbung'o. Wakatugawia kitambaa, nikakitambua: bluu ile ile. Mdudu yule anaifuata rangi hiyo kwa mbali. Nilikuwa nimelizunguka pori la Biharamulo nimevaa mtego.

Kutoka Lusahunga tukahamia Keza. Gari liliishia barabarani, tukashika njia ya miguu, mimi na sanduku la darubini kichwani, Dakta nyuma yangu akipiga mluzi wa nyimbo za kanisani. Akiogopa alikuwa anapiga mluzi, na siku hiyo aliupiga njia nzima. Nyumba ya kwanza ilifungwa. Ya pili ikafungwa. Ya tatu tuliambiwa mwenyewe amesafiri, na huku tunaiona miguu yake chini ya mlango. Habari ilikuwa imetutangulia kwamba kuna watu wanakusanya damu.

Aliyetufungulia ni Mama Adela. Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, na sauti yake ya chini ilimfanya mtu ainame kumsikiliza. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatupa vigoda uani. Akaleta kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, akavuta mrija yeye kwanza, akameza tukimwona, ndipo akampa Dakta. Kwetu ndivyo ilivyo. Mwenye nyumba huonja kwanza ili mgeni ajue hakuna sumu. Asiyeonja ana lake moyoni, na mgeni mwenye akili hukumbuka ghafla kwamba ana safari.

Nikaeleza kazi yetu kwa Kihangaza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaitazama ile sindano ndogo ya kidole niliyoiweka juu ya pamba.

"Mimi nimeonja changu," akasema. "Na ninyi onjeni chenu."

Dakta akaniuliza amesema nini. Nikamtafsiria. Akavitazama vidole vyake, kisha akavitazama vyangu.

"Editha," akasema, "anza."

Chuoni sikuwa nimemwambia mtu kwamba naogopa sindano. Mtu anayesomea maabara aanzie wapi kulisema hilo? Nikafumba macho nikajichoma kidole, nikadondosha damu kwenye kipande cha kioo cha kusomea, nikaonyesha kidole kwa kila aliyekuwepo. Nikadhani yamekwisha, nikakipeleka kile kioo kwenye kopo la taka.

"Mbona unatupa?" akauliza Mama Adela. "Umetia mdomoni halafu umetema. Huko si kuonja."

Ikabidi nikiweke chini ya darubini, niisome damu yangu mwenyewe, niseme nilichokiona kwa sauti. Chembe zilikuwa zimetulia. "Safi," nikasema. Ndipo akatoa kidole chake, na cha binti yake Adela aliyekuwa darasa la tatu. Wote safi.

Kupitia mlangoni niliona mwanaume amelala kwenye mkeka, na jua lilikuwa utosini. Nikauliza, "Na baba?"

"Amechoka tu," akasema.

Yule alikuwa mumewe, Stefano, mtu wa kutundika mizinga ya nyuki porini. Tulipokuwa tunafungasha akaamka, akafika mlangoni, akasimama ameushika ukuta, akatutazama kama mtu aliyesahau alichotoka kufanya. Akarudi kulala. Dakta akaanza mluzi wake. Mama Adela alitusindikiza hadi njiani, na huko akatuambia ukweli. Kaka yake Stefano alilala vile vile. Wakampeleka hospitali, wakamchoma sindano ya mgongo, kisha wakampa ile dawa inayochoma kwenye mishipa, na akarudi amefunikwa shuka. "Wa pili siwapi," akasema. Nilijua kwamba bila dawa Stefano hafiki mavuno. Nilijua pia kwamba dawa ile ina arseniki, ambayo ni sumu, na kwamba Mama Adela hakusema uongo.

Habari ya kuonja ikaenea Keza yote. Kila nyumba tuliyofika waliuliza, "Ndiye huyo anayejichoma?" na nikajichoma, nikasoma, nikasema safi, ndipo wakatoa vidole vyao. Milango ikafunguka. Tuliwapata wagonjwa wachache, wale wa hatua ya mwanzo, vimelea havijapanda kichwani, ambao dawa yao ni nyingine, isiyotisha sana, wakakubali kwenda. Dakta naye alionja mara moja, kisha akaomba kigoda. Vidole vya mkono wangu wa kushoto vikawa vigumu, na hofu ya sindano haikupungua hata kidogo. Watu husema utazoea. Mimi sikuzoea. Nilijifunza tu kuchoma huku naogopa.

Kwa Mama Adela nilipita kila tulipokuwa upande ule. Adela alinichekea, rubisi ililetwa, ikaonjwa, nikanywa. Nikimuuliza habari za Stefano, anasema bado amechoka. Mara ya mwisho niliona wamemfunga kamba ya kitenge mkononi, ncha nyingine kwa mkewe, asipotee akiamka usiku.

Katika siku hizo nilikuwa na jipu begani, pale mbung'o aliponiuma. Nikalikamua. Kisha kichwa kikaanza kuuma na mwili ukawa na homa za kuja na kuondoka, nikasema malaria, nikameza vidonge, nikaendelea na kazi. Nimewaandikia juu hapo watu husema nini malale yakianza. Mimi niliyekisoma kitabu nilisema hivyo hivyo.

Ilikuwa uani kwa Mama Adela, asubuhi, na majirani wamekuja na watoto wao. Nikajichoma kama kawaida, nikageuza kioo cha darubini nikalipata jua, nikainama. Chembe za damu zilikuwa zinasukumwa. Nikasogea pembeni nikidhani ni mtetemo wa mkono wangu, na hapo nako zikasukumwa, kisha akapita mwenyewe, mwembamba, anajinyonganyonga katikati yake. Nikainua kichwa nikampisha Dakta. Alitazama. Mluzi haukutoka.

"Tufungashe," akaninong'oneza. "Tutazungumza njiani."

Lakini walikuwa wanasubiri. Mama Adela akasema, "Mbona leo husomi?"

Niliwaza kusema safi. Neno lilikuwa tayari mdomoni, nimelisema mara nyingi, lingetoka lenyewe. Nikasema, "Yamo. Malale yamo kwenye damu yangu."

Waliokaa karibu wakarudi nyuma. Mzee mmoja akasema ndiyo haya, wameyaleta wenyewe kwenye sindano zao. Mama mmoja akamfuta mwanawe kidole ambacho kilikuwa hakijachomwa bado. Nikawaeleza kwamba kila sindano ni mpya, kwamba mimi nimeumwa na mbung'o kama yeyote kati yao, lakini sijui ni nani alinisikia. Mama Adela hakurudi nyuma. Alikuwa ananitazama.

"Watakufanya nini sasa?" akauliza.

"Watanichoma mgongoni waone kama yamefika kichwani. Yakiwa yamefika, watanipa ile inayochoma."

Akasema, "Basi nenda ukaonje. Ukirudi kwa miguu yako, nitamtoa Stefano. Usiporudi, nitajua."

Nikapelekwa hospitali moja upande wa Biharamulo. Nilikunjwa kama mtoto tumboni, muuguzi akanishika magoti na shingo, nikaambiwa nisijitikise. Niliisikia sindano ikiingia kati ya mifupa. Kisha nikalazwa chali nisubiri majibu, na kitanda cha mbele yangu alikuwepo mama mmoja aliyekuwa anapewa ile dawa. Ilipokuwa inaingia aliuma ukingo wa shuka. Daktari alikuwa mkweli kwangu, alisema wengine dawa hiyo huwaponya na wengine huwamaliza, na kabla ya kuitoa hajui ni yupi. Niliogopa mpaka nikawa sioni aibu. Nilimwita mama yangu kwa jina lake la utoto.

Mama alikuja kutoka Nyamiaga na uji kwenye chupa ya chai, akaketi ukingoni mwa kitanda. Naye ndiye aliyekuwepo walipokuja kuniambia maji ya mgongo ni safi. Vimelea vilikuwa kwenye damu tu. Nitapewa ile dawa nyingine, ya hatua ya mwanzo, wiki kadhaa, nitapona. Tulilia wote wawili. Ndipo nikakumbuka kule uani, na hofu nyingine ikaingia kabla ile ya kwanza haijatoka. Ningerudi kwa miguu yangu, ndiyo, lakini kile ambacho Mama Adela alitaka nikionje nisingekuwa nimekionja.

Nikamweleza mama. Akafunga kifuniko cha chupa polepole. "Mwambie umeionja," akasema. "Si umeona mwenzako akipewa? Mumewe akipona, nani atakuja kukuuliza?"

"Na asipopona?"

Akalikunja shuka miguuni pangu. Dakta Mushi alipokuja kunitazama nilimuuliza yeye. Alikuwa ameshafika mara mbili kwa Mama Adela kumsihi, akaambiwa, "Mwenye kuonja yuko wapi?" Stefano alikuwa hali chakula tena mpaka alishwe. "Editha," Dakta akasema, "kwa hili mimi si mwalimu wako." Mara nyingi watu wenye elimu hujibu hata wasichokijua, na mimi nilimheshimu zaidi tangu siku hiyo, ingawa pale kitandani nilimkasirikia.

Siku niliyoruhusiwa tulikwenda moja kwa moja Keza. Njia yote nilikuwa nayapanga maneno ya uongo na maneno ya kweli, na yote yalikuwa mabaya. Nikisema kweli, atamzuia na Stefano atakufa kwenye mkeka. Nikidanganya, atamtoa, na akifa hospitali nitakuwa nimemuua kwa mdomo wangu. Mama Adela alikuwa amesimama uani kabla hatujabisha. Akanitazama miguu kwanza, kisha uso.

"Umerudi," akasema. "Uliionja ile inayochoma?"

"Sikuionja, mama. Mgongoni nilichomwa. Lakini mimi niliwahi, yalikuwa hayajafika kichwani. Nilipewa nyingine. Ile niliiona kwa mwenzangu tu."

Alikaa kwenye kigoda. Nikajua nimemuua Stefano. Kisha tukasikia kitu kinakwaruza ukuta, na Stefano akatokea mlangoni na ile kamba ya kitenge ikiburuta nyuma yake. Kumbe alikuwa anasikia. Maneno yalimtoka kwa shida, moja moja.

"Ambayo huyu hakuonja," akasema, "nitaonja mimi. Wengine wajue ladha yake."

Alikwenda kwenye gari kwa miguu yake, mkewe ameishika kamba. Dawa ya kwanza aliipokea vizuri, akatuambia inachoma kama pilipili iliyoingia kidondani, akataka tukawaambie hivyo kule nyumbani. Ya pili akaipokea. Baada ya ya tatu akaanza kutetemeka, na hakuzungumza tena. Alikufa mkewe akiwa ameuegemea ukuta wa wodi. Nilikuwepo. Mama Adela hakulia mbele yangu wala hakunitazama.

Nilirudi chuoni na sikufungua kitabu. Nilijua Keza imekwisha kwetu, na waliokuwa wanaugua kule wangelala ndani ya milango iliyofungwa, mmoja baada ya mwingine. Kisha ukaja ujumbe kupitia kwa katekista wao: Mama Adela ananiita, wanamaliza matanga, nije mimi na mwalimu wangu, na sanduku letu. Tulipopita Nyamiaga, mama alinizuia waziwazi. Alisema mtu haendi kunywa kwa mjane baada ya kumpelekea mumewe kifoni. Dakta alipiga mluzi kutoka Nyamiaga mpaka tulipoacha gari.

Uani walikuwa watu wengi, wamekaa kimya, wanaume upande mmoja. Mama Adela alikuwa amenyoa nywele. Akaniketisha kwenye kigoda katikati, akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha rubisi. Nikasubiri avute mrija. Hakuvuta. Akakinyoosha kwangu kikiwa hivyo hivyo, hakijaguswa na mdomo wa mtu, na uso wake hauna neno lolote.

Kila aliyekaa pale alijua maana ya kibuyu kisichoonjwa. Dakta, ambaye sasa alikuwa ameshajifunza, alinyoosha mkono anizuie. Nilikitazama kibuyu. Kuogopa sindano, kuogopa kitanda kile, vyote vilikuwa vidogo. Nilikuwa nimemwomba mama huyu ampeleke mtu wake kwa dawa ambayo sikuionja, na alimpeleka. Nikakishika kwa mikono miwili maana mmoja usingetosha, nikavuta, nikameza wakiniona. Rubisi ilikuwa tamu. Nikavuta tena.

Mama Adela akakipokea, akanywa baada yangu.

"Ungenidanganya siku ile, nisingekuita," akasema. "Leteni sanduku."

Nikafungua darubini, nikapanga vioo, nikalitafuta jua. Nikatoa sindano mpya, nikapaka spiriti kidole changu cha kushoto kama nilivyozoea, nikafumba macho. Nikasikia mkono wake umeushika wangu.

"Acha, mwanangu," akasema. "Leo tunaanza sisi."

Akanyoosha kidole chake. Nyuma yake, majirani walikuwa wameshaanza kupanga mstari.